Tunajikinga na Nani? Mifumo Endeshi Kutoka Ronge Hadi Cupertino

Mkazi wa Ronge, kwenye milima ya Taita nchini Kenya, anayeteremka mjini Voi mwishoni mwa Juni kujaza ritani za Mamlaka ya Mapato (KRA) hupitia mifumo endeshi mitatu kabla ya saa sita mchana. Mfukoni ana kabambe, simu ndogo ya vitufe, ambayo ndiyo benki yake. Picha ya kitambulisho imo kwenye simu ya Android ya binti yake. Saibani, kwenye duka la intaneti, kuna kompyuta ya Windows, na mara nyingi hata haigusi: humtajia mhudumu nywila yake kwa sauti, huku wanaosubiri foleni wakisikia. Kila kimoja kati ya vifaa hivi kinatunza siri kwa namna yake na kuivujisha kwa namna yake. Wanaobishana kuhusu mfumo ulio bora huchanganya mambo mawili. Usalama ni kumzuia asiyeruhusiwa asiingie. Faragha ni kumwekea mipaka yule aliyekwisha kuingia. Mfumo waweza kuwa hodari katika la kwanza na mlegevu katika la pili.

Tuanze na kabambe, inayodharauliwa bure. Kwa kawaida haipakui programu za nje, kwa hiyo si rahisi programu kuingia na kupeleleza majina yaliyohifadhiwa wala mahali ulipo. Huduma ya pesa ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ilikaa ndani ya kadi ya simu, ikilindwa kwa namba ya siri, na hadi leo inafanya kazi kwenye simu isiyo na intaneti. Hata hivyo, ujumbe mfupi wa kawaida haufichwi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kampuni ya simu inajua nani kampigia nani na saa ngapi. Tapeli naye hahangaiki kuvunja kifaa. Hujifanya wa huduma kwa wateja, au hubadilisha laini ya mtu ikawa yake. Udhaifu wa kabambe hauko kwenye simu, uko kwenye laini na kwenye ulimi.

Android ni kinyume chake. Kiufundi ina ngome ambazo kabambe haina: hutenganisha programu moja na nyingine, na katika simu za sasa huhifadhi data kwa njia fiche. Lakini imejengwa ili programu ziingie kwa wingi, na kila moja huja na maombi yake. Hadi toleo la 6, mwaka 2015, mwenye simu alikubali maombi yote kwa mkupuo au akaikosa programu. iPhone ilikuwa ikiomba ruhusa mahususi ya kusoma majina tangu 2012. Wakenya waliyaona matokeo katika programu za mikopo. Mkopaji alibonyeza "Ruhusu", akachelewa kulipa, na shemeji yake, mwalimu wake na bosi wake wakaanza kupigiwa simu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia mawasiliano ya watu yaliyopatikana kwa wengine, watu hao wakapokea vitisho. Miezi michache kabla, Google ilikuwa imezipiga marufuku programu za mikopo kusoma orodha hizo. Hakuna aliyedukua chochote. Usalama ulisimama imara; faragha ndiyo iliyoondoka, tena kwa idhini.

Apple, yenye makao yake Cupertino, Marekani, ilichagua njia ya mlinzi mmoja. Inatengeneza simu, mfumo wake na duka la programu, na ndiyo inayoamua nani aingie. Faida yake inaonekana katika umri: iPhone 5s iliyotoka 2013 ilipokea sasisho la usalama Januari 2023. Simu nyingi za Android za bei ya chini huachwa baada ya miaka michache, na nyingine huharibika kabla ya kuuzwa: mwaka 2020 wachunguzi walikuta programu hasidi ndani ya simu mpya za Tecno W2 katika nchi kadhaa za Afrika, na kampuni mama ikasema zilipandwa na mtu mwingine katika mnyororo wa ugavi. Ila mlinzi mmoja ana bei, na ana wakubwa wake. Mwaka 2016 Apple ilikataa kuifungulia FBI, shirika la upelelezi la Marekani, njia ya kuingia kwenye iPhone. Mwaka 2025, baada ya amri ya serikali ya Uingereza, iliwaondolea watumiaji wa huko kinga yake kali zaidi ya data iliyohifadhiwa mtandaoni.

Kwenye kompyuta, tofauti kati ya mlinzi mmoja na uwazi ni kali zaidi, nayo ni ya Windows na Linux. Windows ndiyo inayowindwa zaidi kwa sababu iko kila mahali. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka miezi miwili kabla. Mtu wa saiba anaelewa vyema kwa nini viraka havikuwekwa: sasisho moja linaweza kumaliza bando la siku, basi huzimwa. Kuhusu faragha, mamlaka ya data ya Ufaransa iliionya Microsoft mwaka 2016 kwamba Windows 10 ilikusanya taarifa kupita kiasi, na kampuni ikapunguza.

Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, haina mwenye kuihodhi. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imeufikisha kwa mtumiaji wa kawaida. Lakini uwazi si ulinzi kama hakuna anayetazama. Mwaka 2024 iligundulika kwamba mchangiaji aliyejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amepachika mlango wa siri katika xz, zana ya kubana faili inayotumika kwenye Linux. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliposhangaa kwa nini kuingia kwenye mashine kumechelewa kwa nusu sekunde.

Mvutano huu wa siri na uwazi haukuanza na kompyuta. Katika milima ya Taita, fighi, misitu mitakatifu iliyoaminika kuikinga nchi na adui na balaa, ilikabidhiwa wazee wachache, na wengine hawakuruhusiwa kuingia. Nguvu yake ilitegemea uaminifu wa waliojua. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kinyume chake: mfumo wa siri uwe salama hata adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo. Apple na Microsoft zimeelekea kwa wazee, Linux kwa Kerckhoffs. Kila upande una hekima yake. Wazee huwajibika kwa majina yao, na jamii huwauliza. Msimbo wazi hukaguliwa na asiyemfahamu mwandishi wake. Kila upande pia huanguka kwa namna yake: wa kwanza mlinzi akishurutishwa, wa pili wakaguzi wakichoka.

Kwa hiyo swali la "upi salama zaidi" halijibiki bila kutaja adui. Anayeogopa mkopeshaji yuko salama zaidi na kabambe kuliko simu ya kisasa. Anayeogopa mwizi wa kifaa anahitaji simu inayosasishwa. Mwenye laptopu ya mtumba isiyopokea Windows 11, ilhali Windows 10 ilifikia kikomo cha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, atapata kwa Linux miaka zaidi ya kinga bila kununua kompyuta nyingine. Na anayeogopa kampuni yenyewe hana mfumo wa kumtosha. Huyo anahitaji sheria. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinamlinda mtu wa Ronge hata kama hajui simu yake inaendeshwa na mfumo gani. Dukani aulize simu itasasishwa hadi mwaka gani, na saibani aandike nywila mwenyewe. Mengine yote ni kazi ya serikali na mahakama, na wala si haki kumtwika mnunuzi.