David Blaine

David Blaine (jina kamili: David Blaine White, alizaliwa Brooklyn, New York, 4 Aprili 1973) ni mwanamazingaombwe wa Marekani. Anajulikana kwa michezo ya karata anayowafanyia wapita njia mitaani, na pia kwa maonyesho ya kustahimili njaa, baridi na kukosa pumzi. Katika michezo ya karata anacheza na macho ya watu, na kila mtazamaji anajua hivyo. Katika maonyesho ya kustahimili anadai kwamba hakuna hila yoyote. Kwa kuwa mtu ni yuleyule, watu wengi wamekuwa wakijiuliza kama wamwamini.

Maisha ya awali

Alilelewa na mama yake, aliyekuwa mwalimu. Alivutiwa na mazingaombwe tangu alipokuwa mtoto mdogo, baada ya kumwona mtu akiyafanya katika treni ya chini ya ardhi. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi walihamia Little Falls, New Jersey. Akiwa na miaka 17 alirudi New York, safari hii katika eneo la Manhattan.

Mazingaombwe ya mitaani

Kipindi chake cha kwanza, *Street Magic*, kilirushwa na kituo cha ABC mwaka 1997. Kabla yake, mazingaombwe ya runinga yalifanyika zaidi jukwaani, kwa taa, moshi na wasaidizi waliovaa mavazi ya kumetameta. Blaine alivaa fulana, akazungumza kwa sauti ya chini, na kamera ikageuzwa kuelekea watazamaji: ni kelele na mshangao wao vilivyokuwa onyesho lenyewe. Wengi wamemwiga tangu wakati huo. Hata hivyo wanamazingaombwe wenzake walilalamika kuhusu tukio la kuelea hewani. Mbinu aliyoitumia mtaani, inayoitwa Balducci, humwinua mtu sentimita chache tu machoni pa watu waliosimama kwenye pembe fulani. Kwenye runinga alionekana akipanda juu zaidi, kwa sababu ya picha zilizopigwa kwa njia nyingine.

Maonyesho ya kustahimili

Mwaka 1999 alizikwa jijini New York kwa siku 7 ndani ya sanduku la plastiki angavu, chini ya tangi la maji. Mwaka 2000 alisimama katikati ya mabonge ya barafu huko Times Square kwa zaidi ya saa 63. Mwaka 2002 alisimama kwa takriban saa 35 juu ya nguzo ya mita 30 hivi katika bustani ya Bryant Park, kisha akarukia rundo la maboksi ya karatasi ngumu.

Onyesho lililozua ubishi mkubwa zaidi lilifanyika London. Kuanzia 5 Septemba hadi 19 Oktoba 2003, yaani siku 44, alikaa bila chakula katika sanduku lililoning'inizwa karibu na mto Thames, akinywa maji tu. Baadhi ya watu walimtupia mayai, na mmoja alirusha helikopta ndogo ya kuchezea iliyobeba mkate wenye nyama. Blaine alipungua takriban kilo 24.5, yaani karibu robo ya uzito wake. Alipelekwa hospitali mara moja, kwani mtu aliyeshinda njaa muda mrefu huweza kufa anapoanza kula tena: fosfeti katika damu hushuka ghafla. Madaktari walimpima na kuchapisha matokeo yao katika jarida la *New England Journal of Medicine* mwaka 2005. Kwa mtu anayeishi kwa kudanganya macho, huo ni ushahidi ambao wenzake wachache wanao.

Kuzuia pumzi

Mwaka 2006 alikaa siku 7 ndani ya tufe la maji mbele ya Lincoln Center. Mwishoni alitaka kuvunja rekodi ya dunia ya dakika 8 na sekunde 58, lakini wazamiaji walimtoa baada ya dakika 7 na sekunde 8 akiwa amezidiwa.

Tarehe 30 Aprili 2008, katika kipindi cha Oprah Winfrey, alizuia pumzi kwa dakika 17 na sekunde 4. Tarakimu hizo mbili zisilinganishwe moja kwa moja, maana safari hii alivuta kwanza oksijeni tupu kwa dakika 23, na rekodi za aina hiyo huhesabiwa peke yake. Oksijeni ya ziada huchelewesha kuzimia, lakini haiondoi mateso: hamu ya kupumua huletwa hasa na kaboni dioksidi inayojaa katika damu. Rekodi yake ilivunjwa na Mjerumani Tom Sietas miezi michache baadaye.

Miaka ya baadaye

Mwaka huohuo wa 2008 alining'inia kichwa chini katika Central Park kwa saa 60. Alikosolewa vikali watu walipomwona akisimama mara kwa mara ili kunywa na kupimwa afya. Mwaka 2012 alisimama kati ya mitambo ya umeme wa volti nyingi kwa siku 3, akiwa amevaa vazi la chuma lililopitisha umeme nje ya mwili wake.

Tarehe 2 Septemba 2020 alipaa kutoka Page, Arizona, akishikiliwa na maputo 52 hivi. Akiwa njiani alivaa parachuti, kisha barakoa ya oksijeni. Alipofika urefu wa zaidi ya mita 7,500 aliyaachia maputo na kushuka salama kwa parachuti.