HPV: Virusi vilivyoenea kwa kiwango tofauti kati ya jamii

VIRUSI vya papiloma, maarufu kwa kifupi HPV, ni miongoni mwa maambukizi ya zinaa yaliyoenea zaidi duniani. Watu wengi wanaofanya ngono huvipata angalau mara moja maishani, aghalabu bila dalili yoyote. Hata hivyo, kiwango cha maambukizi hutofautiana sana kati ya jamii moja na nyingine.

Uchambuzi wa tafiti za wanawake takriban milioni moja, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa asilimia 11.7 ya wanawake ambao vipimo vya mlango wa uzazi havikuonyesha kasoro walikuwa na virusi hivyo. Kusini mwa Jangwa la Sahara kiwango kilikuwa asilimia 24, na Afrika Mashariki kikapita asilimia 33. Asia Magharibi kilikuwa chini ya asilimia 2.

Wanaume nao hawajasazwa. Uchambuzi wa mwaka 2023 ulikadiria kuwa karibu mwanamume mmoja kati ya watatu duniani ana HPV. Huko Kisumu, uchunguzi wa vijana wa kiume ulivigundua kwa takriban nusu yao.

Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima wanawake 429 waliofika katika kliniki ya upangaji uzazi jijini Nairobi, na asilimia 44.3 walipatikana na virusi. Mjini Mombasa, utafiti wa wanawake 820 wanaofanya biashara ya ngono, uliochapishwa mwaka 2010, ulidhihirisha kuwa walioishi na virusi vya Ukimwi walikuwa na HPV kwa wingi zaidi kuliko wenzao.

Tofauti hizi hazitokani na kabila wala rangi. Umri, idadi ya wapenzi, mienendo ya mume au mpenzi na uthabiti wa kinga ya mwili ndivyo vigezo vikuu. Maambukizi hushamiri zaidi miaka michache baada ya mtu kuanza kufanya ngono. Kwa hivyo, mke mwaminifu wa Shanzu aweza kuambukizwa sawa na mwingine yeyote, na kupatikana na HPV si ushahidi wa uasherati.

Kuna aina zaidi ya 200 za HPV. Nyingi hazina madhara makubwa, na mwili huyaondoa maambukizi mengi katika muda wa miaka miwili hivi. Hatari huzuka aina kali zinapodumu. Aina ya 16 na 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa uzazi. Kwa kawaida ugonjwa huo huchukua miaka 15 hadi 20 kukua. Kinga ikidhoofika, miaka mitano hadi 10. Wanawake wenye virusi vya Ukimwi wamo katika hatari mara sita zaidi.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa Wakenya 5,236 waliugua saratani hiyo na 3,211 wakafariki.

Kinga ipo. Oktoba 2019 Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 kwa dozi mbili. Utafiti uliofanyiwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 mjini Nairobi, Thika na Kisumu ulibaini kuwa dozi moja yatosha, na mwaka 2025 nchi ikahamia mpango wa dozi moja. Chanjo hufaa zaidi ikitolewa kabla ya msichana kuanza kufanya ngono. Haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia.

Kwa wanawake watu wazima, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza uchunguzi kuanzia miaka 30, au 25 kwa wenye virusi vya Ukimwi. Kondomu hupunguza hatari ingawa haiondoi yote, kwani virusi huenea kwa kugusana ngozi.

Mabadiliko yakigunduliwa mapema hutibika kabla hayajawa saratani. Anayesubiri maumivu huenda akafika hospitalini akiwa amechelewa.