Ploti ya nyumba Migori na Homa Bay: Mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa

NYUMBA yenye kasoro hurekebishwa. Paa huezuliwa likaezekwa upya, na ukuta hubomolewa ukajengwa mwingine. Kiwanja kilichochaguliwa vibaya hakina fundi. Ndiyo maana anayenuia kujijengea makao katika kaunti za Migori na Homa Bay, awe mkazi wa huko au mfanyakazi wa Nairobi, Mombasa ama ng'ambo anayetuma akiba yake nyumbani, hana budi kutumia muda mwingi zaidi kuchagua ardhi kuliko anaotumia kuchagua ramani ya nyumba.

Sura ya ardhi katika kaunti hizi hubadilika baada ya kilomita chache tu. Rongo, Awendo na Kuria ziko juu na hupata mvua ya kutosha, ilhali fuo na mabonde ya Nyatike, Ndhiwa, Mbita na Karachuonyo yana joto na ukame zaidi. Ushauri unaomfaa mjenzi wa Rongo huenda ukamponza anayejenga Sori.

Maji yalifika wapi?

Swali la kwanza kwa yeyote anayevutiwa na upepo wa Ziwa Victoria ni hili: maji yaliwahi kufika wapi? Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka wa 2006 lilishuka mno, na fuo zikaonekana pana kuliko zilivyozoeleka. Kisha mnamo 2020 maji yalipanda hadi kukipita kipimo cha 1964, yakafunika nyumba, mashamba na gati. Mwaka wa 2024 yalipanda tena. Aliyenunua ufuo wakati wa kupwa huenda alinunua sakafu ya ziwa.

Mito nayo ina tabia yake. Mto Kuja, unaoitwa Gucha kule Kisii, huanzia nyanda za juu, ukaungana na Mto Migori na kumwaga maji ziwani kupitia Nyatike. Mvua inayofurisha vijiji vya Nyatike ya chini, kama vile Kabuto, mara nyingi haijanyesha huko bali mbali kwenye vilima. Mkazi anaweza kulala chini ya anga safi na kuamkia maji mlangoni. Kwa hivyo usitosheke na kuliona shamba wakati wa kiangazi. Rudi mvua za masika zikiwa zimepamba moto, na uwaulize wazee wa jirani, si wauzaji.

Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza uendelezaji katika ukanda wa kila upande wa mto usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kwa kutegemea kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichorekodiwa. Anayenunua robo ekari iliyopakana na mto yafaa ajue ni sehemu gani ya ardhi hiyo ataruhusiwa kuijenga.

Udongo na mashimo

Katika Bonde la Lambwe, sehemu kadhaa za Ndhiwa na tambarare za karibu na ziwa, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu hufura unapolowa na kusinyaa unapokauka, huku ukipasua sakafu na kuta za nyumba yenye msingi mfupi. Wakati wa kiangazi hujitambulisha kwa nyufa pana ardhini. Haukatazi ujenzi, ila huongeza gharama, kwa kuwa ni lazima uondolewe na pahali pake pajazwe changarawe, ama msingi uteremshwe hadi kwenye mwamba. Mwambie fundi achimbe shimo la majaribio lenye kina cha mita 1.5 hivi, katika pembe mbili au tatu za kiwanja, kabla ya kukubaliana bei. Shamba la bei rahisi laweza kudai msingi wa bei ghali.

Nyatike na sehemu nyingine za Migori zina jambo la ziada: dhahabu. Mgodi wa Macalder ulikuwa maarufu tangu enzi ya ukoloni, na hadi leo wachimbaji wadogo huchimba mashimo marefu yanayopinda chini kwa chini. Shimo laweza kuanzia kwa jirani likafika chini ya sebule yako. Aidha, zebaki inayotumiwa kunasa dhahabu huchafua udongo na maji. Anayenunua ploti akitarajia kutajirika na madini akumbuke kuwa, kwa mujibu wa kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010, madini ni mali ya umma, hata yakiwa chini ya shamba lako.

Jina lililo kwenye hatimiliki

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua isiyoweza kurukwa ni upekuzi katika sajili ya ardhi, ambao huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa ardhi, na kama kuna mkopo au zuio lolote. Baada ya hapo, msoroveya alinganishe ramani na vigingi vya mipaka vilivyo ardhini, majirani wakiwapo.

Tatizo la kawaida mashambani ni kwamba jina lililoandikwa ni la babu aliyekwisha kufariki. Mwana au mjukuu akikuuzia kabla ya kupata hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama, amekuuzia kisicho chake. Sheria ya Urithi hairuhusu hata msimamizi aliyeteuliwa kuuza ardhi ya marehemu kabla ya uthibitisho huo. Vilevile, mke au mume wa muuzaji sharti akubali kwa maandishi iwapo ardhi ni mali ya ndoa, jinsi inavyoagiza sheria ya mali ya ndoa ya 2013.

Ardhi ya kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi hupaswa kuwasilishwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Kukaa shambani miaka mingi ukiwa na karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya chifu ni mwanzo wa kesi, si mwisho wa ununuzi.

Mahakama ya Juu imetoa maamuzi matatu ambayo kila mnunuzi yafaa ayafahamu. Mnamo 2018, ilisema kuwa haki za kimila za jamaa zinaweza kuifunga ardhi hata ikiwa imesajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Aprili 2023, ikasema hatimiliki peke yake haimwokoi mnunuzi iwapo chimbuko lake lilikuwa haramu. Septemba mwaka uo huo, ikasisitiza kuwa barua ya ugavi si hatimiliki. Uamuzi huu wa mwisho unawahusu hasa wanaouziwa ploti za mijini kwa barua pekee.

Nyumba si dala

Kwa Waluo, ambao ndio wengi katika kaunti hizi, kuna tofauti kati ya ot, yaani nyumba, na dala, yaani boma. Tofauti hiyo ilijitokeza wazi katika kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, iliyomalizika mwaka wa 1987. Kijana hujenga simba ndani ya boma la babake, lakini kwa mujibu wa mila hutoka akaanzisha dala yake, na mdogo hapaswi kumtangulia mkubwa. Wapo wasiozingatia tena taratibu hizi. Hata hivyo, anayejenga jumba la mamilioni ndani ya boma la baba huku hatimiliki ikiwa ya baba, amejenga juu ya ardhi ambayo ndugu zake wote wana dai nayo. Ni heri mgawanyo wa shamba ufanywe na kusajiliwa kwanza.

Anayenunua ardhi ya watu wengine naye aulize kuhusu makaburi na kuhusu gunda, yaani mahame ya boma la zamani. Familia iliyozika wazee wake mahali huwa vigumu kuyakata mafungamano nayo.

Hesabu ya ukubwa

Ploti ya futi 50 kwa 100 ni sawa na takriban mita 15 kwa 30. Wataalamu wengi hushauri kisima kiwe angalau mita 30 kutoka choo cha shimo. Hesabu hiyo haiingii kwa urahisi katika kiwanja hicho, na choo cha jirani bado hakijahesabiwa. Pasipo na maji ya bomba wala mabomba ya majitaka, tafuta ardhi kubwa zaidi au panga kuvuna maji ya mvua. Hakikisha pia kuwa njia ya kuingia imo katika ramani iliyosajiliwa na si hisani ya jirani, na kwamba kiwanja hakijaingia katika hifadhi ya barabara, hasa kando ya barabara kuu ya Isebania hadi Kisii.

Wajenzi wa kale wa eneo hili hawakubahatisha. Boma la mawe la Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, linalokadiriwa kujengwa katika karne ya 16 na lililotiwa katika orodha ya turathi za dunia ya Unesco mwaka wa 2018, liko penye mwinuko na lilijengwa kwa mawe ya papo hapo bila saruji.

Utaratibu basi ni huu: tembelea ardhi kiangazi na masika, chimba shimo la majaribio, fanya upekuzi, pima mipaka, pata ridhaa ya familia na idhini ya bodi, ndipo ukamilishe malipo kupitia kwa wakili. Muuzaji anayekuhimiza uanze na hatua ya mwisho amekwisha kukujibu maswali yaliyosalia.