Fizikia ya Mirija na Kengele: Mageuzi ya Ufundishaji wa Fizikia Sekondari tangu 1956

Mwezi Machi 1956, Jerrold Zacharias, profesa wa fizikia katika chuo cha MIT nchini Marekani, alimwandikia rais wa chuo hicho, James Killian, waraka wa kupendekeza zitengenezwe filamu 90 za kufundishia fizikia katika shule za sekondari, kila moja ya dakika 20. Zacharias hakuwa mwalimu wa sekondari. Alikuwa mtu wa maabara, aliyeshiriki kutengeneza rada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kisha akafanya kazi Los Alamos kwenye mradi wa bomu la atomiki. Makala haya yanafuatilia yaliyotokana na waraka huo, hata kufika kwetu Afrika Mashariki, na yanauliza kwa nini mbinu iliyobuniwa na wanasayansi wakubwa namna hiyo, tena ikiwa na fedha za kutosha, haikubadilisha sana kile anachotoka nacho mwanafunzi wa kawaida darasani.

Kutokana na waraka huo iliundwa kamati iliyojulikana kwa kifupi kama PSSC, ikifadhiliwa na wakfu wa taifa wa sayansi wa Marekani. Wengi husema kwamba ni Sputnik iliyoizaa kamati hiyo. Tarehe zinakataa. Sputnik ilirushwa Oktoba 1957, kamati ikiwa tayari kazini. Chombo hicho cha Warusi kilichofanya ni kuwatia Wamarekani hofu, na hofu ikafungua mifuko ya serikali.

Malalamiko ya Zacharias na wenzake yalikuwa kwamba vitabu vya wakati ule vilijaa picha za injini na mitambo ya nyumbani, huku kanuni zikitolewa kama amri za kukariri. Kitabu chao kilichotoka 1960 kiligawanywa sehemu nne: ulimwengu, mwanga na mawimbi, mwendo, kisha umeme na atomu. Mitambo iliondolewa karibu yote. Hata joto na sauti vilipewa nafasi ndogo. Walitaka mwanafunzi aone fizikia kama hadithi moja inayoendelea, na aone pia jinsi watu walivyofika kuyajua hayo wanayoyajua.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kitabu si sehemu bora ya kazi yao. Sehemu bora ni vifaa. Kamati iliamua kwamba mwanafunzi ajitengenezee vyombo kwa vitu vya bei rahisi. Mzani ulitengenezwa kwa mrija wa kunywea soda: unachomwa sindano katikati ili uning'inie, unawekewa skrubu ndogo upande mmoja, na upande wa pili unaweza kupima uzito wa unywele au kipande cha karatasi. Kwa kupima mwendo walichukua kengele ya umeme ya mlangoni. Nyundo yake inapogongagonga juu ya karatasi ya kaboni huacha nukta kwenye ukanda wa karatasi unaovutwa na kigari. Kigari kikienda polepole, nukta hubanana. Kikiongeza kasi, huachana. Waingereza, katika mradi wao wa Nuffield ulioanza 1962, waliendeleza zoezi hilo. Mwanafunzi hukata ukanda katika vipande vyenye idadi sawa ya nukta, akavibandika kimoja kando ya kingine, na papo hapo anapata grafu aliyoitengeneza kwa mkasi na gundi. Anauona mchapuko kwa macho kabla hajaambiwa neno lenyewe wala kuandikiwa fomyula ubaoni.

Filamu nazo zilitengenezwa, ingawa si zote 90. Mojawapo, ya mwaka 1960, inawaonyesha maprofesa wawili wa Toronto, Patterson Hume na Donald Ivey, wakizungumza huku mmoja akionekana kichwa chini miguu juu, na mtazamaji analazimika kujiuliza ni nani hasa aliyepinduka. Baadaye mpira unaangushwa kutoka kwenye kigari kinachotembea. Kamera iliyofungwa kwenye kigari inaona mpira ukishuka wima. Kamera iliyosimama chini inaona ukipinda. Somo la mfumo wa marejeo, linalotusumbua hata sisi tulioko chuoni, linaeleweka hapo bila hesabu hata moja.

Sasa matatizo. Sehemu ya wanafunzi wa Marekani waliochagua fizikia iliendelea kupungua katika miaka ya 1960. Kozi ya PSSC iliwafaa waliokwisha kuipenda fizikia, na wengine waliiona ngumu. Kundi la Harvard likiongozwa na Gerald Holton, James Rutherford na Fletcher Watson lilijaribu kuwarudisha hao wengine kwa kozi iliyochanganya fizikia na historia na fasihi. Nuffield nao walifanya jambo ambalo naliona la busara kuliko yote: pamoja na kubadili kozi, walihakikisha wanafunzi wao wanatungiwa mitihani yao tofauti. Mwalimu aliyetumia wiki nzima kukata kanda za karatasi hakuwa na hofu kwamba mtihani utauliza tafsiri ya maneno ya kukariri.

Je, sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1958 iliundwa taasisi ya kuendeleza kazi ya PSSC, iliyoitwa Educational Services Incorporated, na Zacharias akawa miongoni mwa waliotaka iangalie Afrika. Mwaka 1962 taasisi hiyo iliitisha warsha Entebbe, hapa Uganda, ambako wataalamu wa Kiafrika, Kimarekani na Kiingereza waliandika vitabu vilivyokuja kuitwa Hisabati ya Entebbe. Baadaye ulifuata mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ulioanza 1965. Kwa hiyo hisabati ilifika, sayansi ya watoto wadogo ikafika. Fizikia ya sekondari iliendelea kutazama Cambridge, kwa sababu huko ndiko mitihani ilikotoka.

Katika miaka hiyohiyo, 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu wa shule ya Magamba, Tanganyika, aitwaye Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza askrimu na wenzake. Maziwa yalichemshwa na sukari, yakasubiriwa yapoe, kisha yakatiwa kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, naye akaingiza yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliyaingiza bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Ni Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuhutubia shuleni, aliyelichukua swali na kwenda kulijaribu maabara, na mwaka 1969 majina yao wawili yakatokea katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wangali wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani. Kwa mada yetu ubishi huo si muhimu. Muhimu ni kwamba swali lilizaliwa kwenye friji, chombo cha aina ileile ambayo PSSC ilikuwa imeifukuza kitabuni, na kuhusu joto, mada ambayo PSSC iliipunguza. Zacharias alitaka mwanafunzi afikiri kama mwanafizikia. Mpemba alifikiri hivyo bila filamu wala kamati. Alichokosa kwa miaka kadhaa ni mtu mzima wa kumsikiliza.

Hapo ndipo naona jibu la swali letu linaanzia, na mwalimu mmoja wa Marekani analithibitisha. Malcolm Wells alifundisha fizikia sekondari katika jimbo la Arizona. Alikuwa zao la warsha za PSSC na Harvard, alitengeneza vifaa vyake mwenyewe, na darasa lake lilikuwa mfano wa kuigwa. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes walichapisha jaribio la maswali mepesi kuhusu mwendo na kani, ambalo lilizaa lile maarufu la 1992. Swali moja la 1992 ni hili: lori likigongana na gari dogo, ni lipi linalolisukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Mwanafunzi aliyeshinda hesabu zote za Newton hujibu kwamba ni lori. Wells aliwapa wanafunzi wake jaribio la awali, na matokeo yakamshtua. Mikono yao ilikuwa imefanya kazi, lakini dhana zao za zamani hazikuguswa.

Alichobadilisha si vifaa. Vigari vilibaki vilevile. Alianza kuwaacha wanafunzi waamue wenyewe nini cha kupima, kisha kila kundi liandike hoja yake kwenye ubao mdogo mweupe na kuitetea mbele ya wenzao, mwalimu akiuliza tu bila kutoa jibu. Katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu, darasa hilo lilipiga hatua kubwa kuliko darasa lake la awali la majaribio matupu.

Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini Februari 2020, unaodai hayohayo: mwanafunzi apime, ajadili, aandike mradi. Kazi za darasani zinachangia asilimia 20 ya alama, na kundi la kwanza lilifanya mtihani wake wa taifa 2024. Asilimia 80 iliyobaki ni karatasi ya Baraza la Mitihani, na ndiyo ambayo mzazi na mwalimu mkuu huiulizia kwanza.