Kalenda Mbili za Waimbaji wa Simiyu

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944. Kila tarehe hiyo inaporudi, wapenzi wa zilipendwa hutumiana picha yake akiwa na gitaa, na watangazaji hupata sababu ya kupiga nyimbo zake za Morogoro Jazz na zile za Super Volcano. Bariadi, mkoani Simiyu, mwisho wa Juni una shughuli yake nyingine. Msimu wa ununuzi wa pamba huwa umeshika kasi, mizani inafanya kazi kwenye vyama vya msingi, na fedha ya mwaka ndiyo inaingia majumbani. Mahindi na mtama viko ghalani. Ni majira ambayo watu wa Ntuzu, Kanadi, Itilima, Maswa na Meatu wamekuwa wakiyatumia kwa ngoma tangu enzi za mababu.

Kwa hiyo mkoa huu una kalenda mbili za muziki. Moja inahesabu tarehe, na imeletwa na redio, magazeti na simu. Nyingine inahesabu mavuno. Magwiji wa dansi tunawakumbuka kwa ile ya kwanza. Waimbaji wakubwa wa Usukumani waliishi na kufa katika ile ya pili. Ndiyo maana leo ni rahisi kwa kijana wa Bariadi kujua siku aliyozaliwa mpiga gitaa wa Morogoro kuliko kujua jina la mwimbaji aliyewatoa babu zake nyumbani na kuwajaza uwanjani.

Si kwamba Wasukuma hawakuwa na namna ya kuhifadhi habari za uzazi. Waliziweka kwenye jina. Mabula amezaliwa wakati wa mvua. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye aliyewafuata. Mtu alibeba majira ya kuzaliwa kwake mdomoni mwa kila aliyemwita, lakini tarehe ya kukatia keki haikuwepo, wala hakuna aliyeona pengo. Sherehe ya mwimbaji ilikuwa siku ya mashindano, na zawadi yake ilikuwa umati.

Mashindano hayo yana historia ndefu. Katika karne ya 19 walikuwapo mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, waliobishana nani zaidi. Kutokana na ubishi wao zikazaliwa kambi mbili ambazo zimeugawa Usukuma wote hadi leo: Wagika, wafuasi wa Ngika, na Wagalu, wafuasi wa Gumha. Mtu huzaliwa ndani ya kambi au hujiunga nayo, akafundwa dawa zake, nyimbo zake na mbinu zake. Kanuni ya ushindani ni nyepesi kuieleza na ngumu kuishinda. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wako huru kwenda watakako. Upande uliovuta watu wengi umeshinda.

Fikiria mzigo ambao kanuni hiyo inamtwisha mwimbaji. Hakuna jaji wa kumshawishi wala alama za kuhesabu. Akichosha, watu wanageuza migongo mbele ya macho yake na kuvuka kwenda kwa mpinzani. Hapo ndipo vituko vilipozaliwa: wachezaji wa ngoma ya bugoyangi wakapanda jukwaani na chatu, wengine wakaingia na fisi, vikaragosi na mavazi ya kustaajabisha. Dawa ya kuvuta watu ilitafutwa kwa gharama kubwa, na katika mkoa ambao una Gamboshi, kijiji kinachotajwa nchi nzima kwa habari za uganga, hakuna aliyelichukulia jambo hilo kama mzaha. Lakini dawa peke yake haiimbi. Katikati ya yote alisimama ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ambaye kazi yake ilikuwa kuja na wimbo mpya kila msimu.

Ningi alikuwa gazeti la eneo lake. Bei ya pamba, njaa, mkuu wa wilaya mpya, mtemi aliyekula rushwa, mke aliyekimbia, vita ya Wazungu iliyowachukua vijana, yote yaliingia kwenye wimbo. Katika wigaashe, ambayo wachezaji huicheza wakiwa wameketi kwa mistari, maneno ndiyo yalikuwa kila kitu, kwa sababu hapakuwa na miruko ya kumfichia mtunzi udhaifu wake. Naye alijitaja. Alilitia jina lake, la baba yake na la kijiji chake ndani ya wimbo, ili yeyote atakayeubeba abebe na mwenyewe. Desturi hiyo imesalia hadi kwa wasanii wa Kisukuma wanaotamba leo kwenye simu, akina Bhudagala Mwanamalonja na Nelemi Mbasando, ambao hujitaja na kusalimu kwanza kabla ya kuingia kwenye habari yenyewe. Msikilizaji asiyezoea hudhani ni majigambo. Ni hati ya umiliki ya watu waliokuwa hawaandiki.

Pamba ndiyo iliyoukuza muziki huu katika karne ya 20. Mashamba yalipopanuka, vijana waliungana katika vikundi vya kulimiana, wakienda shamba hadi shamba wakilima kwa mdundo. Kutoka huko ikaenea bugobogobo, ngoma ya majembe yanayorushwa juu na kudakwa, ambayo leo huchezwa kwenye mapokezi ya viongozi bila wengi kukumbuka kwamba jembe lile liliwahi kuwa na kazi ya kweli siku hiyo hiyo. Pamba ilileta pia fedha ya kununua baiskeli, na baada ya baiskeli, gramafoni na redio ya betri.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Kituo hicho kilikua, kikabadilika jina, na kufikia mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa mkulima wa Maswa au Meatu, redio ilikuwa mlango wa kwanza wa muziki uliotungwa na mtu ambaye hatamwona. Tena haikumlazimu kuanza na sauti za mbali sana. Tabora, kwa Wanyamwezi ambao ni ndugu wa damu na lugha, ilikuwa mji wa bendi: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ambamo Shem Karenga aliimba Dada Asha. Hata Dar es Salaam, Iddi Nhende na wenzake kutoka magharibi walianzisha Western Jazz mwaka 1959, na jina la bendi likatangaza walikotoka. Mtindo wao wa Saboso ulifika hadi vijiji ambavyo havikuwahi kuona jukwaa la umeme.

Bendi hizo ndizo zilizotufundisha kuhesabu tarehe. Mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa, na mwajiriwa ana faili. Alipigwa picha kwa ajili ya jalada la santuri, alihojiwa, alitangazwa kuhama bendi. Ndiyo maana maisha ya Mbaraka yanajulikana hatua kwa hatua: amejiunga na Morogoro Jazz mwaka 1965, amekwenda Osaka kwenye maonesho ya dunia ya mwaka 1970, ameunda Super Volcano mwaka 1973, amefariki kwa ajali ya gari Mombasa tarehe 12 Januari 1979 akiwa na miaka 34. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, ana Machi yake peke yake: alizaliwa tarehe 3 Machi 1955 na kufariki tarehe 23 Machi 1995. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, ana tarehe 10 Februari 1947. Yeye lakini alisimulia kuzaliwa kwake kwa namna ambayo bibi wa Kinyantuzu angeielewa mara moja bila kuuliza mwaka: alitoka tumboni na meno mawili, na mganga akamwambia mama kwamba mtoto huyu naye atakuwa mganga, asinyolewe. Hiyo ndiyo asili ya nywele zake na ya jina la Dokta.

Wapo magwiji ambao hata kalenda ya tarehe haikuwapata. Bi Kidude wa Zanzibar alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, dunia iliyompa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 ilikuwa bado inabishana kama amevuka miaka 100. Hakuna aliyepunguza heshima yake kwa sababu hiyo.

Kuna mahali ambapo historia hizi mbili zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya umoja wa wafanyakazi, na baada ya kubadili majina mara kadhaa ikawa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka walikuwa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, mabingwa wa mtindo wa Sikinde. Tangu hapo mashabiki wa dansi wakagawanyika. Msondo au Sikinde: unachagua upande, unautetea, unawacheka wenzako, na siku bendi zikipambanishwa unahesabu watu ukumbini. Mzee wa Bariadi aliyekulia kwenye ubishi wa Wagika na Wagalu hakuhitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Watunzi kuhama kambi, nyimbo za kupigana vijembe, shabiki kurithi upande kutoka kwa baba yake, yote aliyajua kabla gitaa halijafika.

Si ajabu basi kwamba mtafiti mmoja amezishughulikia pande zote mbili. Frank Gunderson, mwanamuziki na msomi kutoka Marekani, alikaa Usukumani akirekodi nyimbo za kazi, na mwaka 2010 kikatoka kitabu chake chenye nyimbo zaidi ya 300 za wakulima, wawindaji, wapagazi na askari, pamoja na maelezo ya watunzi wake. Mwaka 2018 akachapisha kingine, juu ya maisha na urithi wa Gurumo na Bitchuka. Vitabu vyote viwili viko kwa Kiingereza, na bei yake haimfikii mwalimu wa sekondari wa Itilima. Hilo linauma. Nyimbo zilizotungwa kwa jasho la mashamba yetu zimehifadhiwa vizuri, lakini zimewekwa rafu ya juu mno.

Gurumo mwenyewe alistaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba, akasema hadharani kwamba muziki haukumwezesha kumiliki hata baiskeli. Diamond Platnumz alimpa gari mwaka huo huo. Mzee akafariki tarehe 13 Aprili 2014, miezi michache baadaye. Kauli ile ya baiskeli ilipokelewa Dar es Salaam kama methali ya umaskini. Usukumani, ambako baiskeli ilikuwa kipimo cha mkulima aliyevuna vizuri, ilipaswa kusikika kwa uzito zaidi: huyu alivuna kwa miaka 50 na ghala lake likabaki tupu.

Tofauti na bendi, kambi za Wagika na Wagalu zilipata walezi wa aina nyingine. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, aliziingiza katika sherehe ya Ekaristi Takatifu huko Bujora, karibu na Mwanza, na mashindano hayo, yaitwayo Bulabo, yakawa ya kila Juni. Pale pale ikajengwa Makumbusho ya Wasukuma. Simiyu, iliyokuwa sehemu ya Shinyanga na ya wilaya ya Magu kabla ya kuwa mkoa mwaka 2012, iliyatazama hayo kwa mbali. Ilipopata jina lake yenyewe ilianza kujenga ya kwake. Tamasha la Simiyu Jambo lilikusanya Bariadi mbio za baiskeli na mpambano wa Wagika na Wagalu kwa pamoja. Viwanja vya Nyakabindi vilibeba Nanenane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, na ngoma hazikukosekana.

Kinachokosekana ni majina. Katika matamasha haya kikundi hutangazwa, kikacheza, kikapewa ng'ombe au fedha, kikaondoka. Mtunzi hatajwi kwenye kipaza sauti, hajaandikwa mahali, na wimbo wake wa miaka 40 iliyopita unaimbwa na wajukuu kama usio na mwenyewe. Maafisa utamaduni wa halmashauri sita za mkoa wanaweza kuanza na kazi isiyohitaji bajeti kubwa: kukaa na wazee wa kila kambi, kuwarekodi kwa simu, kuandika jina la ningi, kijiji, kambi, na msimu aliovuma. Kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani, uandikwe ule wa njaa au wa mafuriko ambao familia inaukumbuka. Kisha rekodi hizo zirushwe hewani: Sibuka FM iko Maswa na Radio Free Africa inasikika kutoka Mwanza. Zote zina wasikilizaji ambao watapiga simu kusahihisha.

Kisha ipo ile tarehe 27 Juni. Redio itampiga Mbaraka, na inapaswa kumpiga. Saa inayofuata inaweza kuwa ya mtunzi mmoja wa wigaashe kutoka Kanadi au Meatu, akitajwa kwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake, kama alivyojitaja mwenyewe, wakati wasikilizaji wake wakiwa kwenye foleni ya mizani na fedha ya pamba mkononi.