Ahadi ni Deni: Askari wa Visiwa na Matibabu Yao

Ahadi ni deni. Mithali hii watoto wetu huijua kabla ya kujua kusoma. Lakini je, deni hupungua kwa sababu yule anayedai anakaa mbali, ng'ambo ya bahari? Wasomaji wapenzi, leo tuangalie habari za askari wa visiwa vilivyowekwa chini ya utawala wa Marekani. Waliapa kiapo kimoja na askari wengine, wakavaa nguo moja, wakazikwa chini ya bendera moja. Lakini ilipofika saa ya kutibiwa, waliulizwa kwanza: «Unakaa wapi?»

Visiwa vyapata bwana mpya

Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania. Vita hivyo havikudumu hata miezi minne. Kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Paris tarehe 10 Desemba 1898, Hispania iliiachia Marekani visiwa vya Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Wenyeji hawakuulizwa neno. Mwaka 1900 wakubwa wa kisiwa cha Tutuila, katika Samoa, walikabidhi nchi yao. Na mwaka 1917 Denmark iliuza visiwa vyake vya Virgin kwa dola milioni 25.

Basi likazuka swali: watu hawa ni wa nyumbani, au ni wageni? Mwaka 1901 mahakama kuu ya Marekani ilijibu kwamba visiwa hivyo ni mali ya Marekani, lakini si sehemu yake kamili. Kutoka mbegu hiyo ulikua mti mkubwa. Baraza la Washington liliweza kutunga sheria moja kwa majimbo na sheria nyingine kwa visiwa. Hata leo mtu wa Puerto Rico anayekaa kwao hampigii kura Rais wa Marekani. Mjumbe wake katika Baraza husema, lakini siku ya kupitisha sheria kura yake haihesabiwi.

Waliitwa, wakaenda

Mwezi wa Machi 1917 watu wa Puerto Rico walipewa uraia wa Marekani. Mwezi uliofuata Marekani iliingia katika vita kuu, na vijana wa kisiwa wakaandikwa askari kwa maelfu. Katika vita vya Korea, toka 1950 hata 1953, walikwenda wapatao 61,000. Wengi walikuwa katika kikosi cha 65 cha askari wa miguu. Desemba 1950, katika baridi kali ambayo hawajapata kuiona kwao, askari hao walilinda nyuma huku wenzao wakipanda meli kule Hungnam. Mwaka 2014 Marekani iliamua kukipa kikosi hicho nishani ya dhahabu ya Baraza, ambayo ni heshima kubwa sana.

Tuangalie na Guam. Wajapani walikiteka kisiwa hicho Desemba 1941. Baharia mmoja Mmarekani, George Tweed, alijificha porini zaidi ya miaka miwili na nusu, na wenyeji walimlisha kwa siri. Wengine walipigwa, wengine waliuawa kwa kukataa kusema alipo. Mmoja wao alikuwa padri mwenyeji, Jesús Baza Dueñas. Wajapani walimkata kichwa mwezi wa Julai 1944, siku chache tu kabla ya jeshi la Marekani kushuka pwani. Nao watu wa Guam wakati huo hawakuwa hata raia: uraia waliupata mwaka 1950.

Sheria ya mwaka 1946

Wafilipino ndio walioonja uchungu wa kwanza. Julai 1941, nchi yao ikiwa bado chini ya Marekani, Rais Roosevelt aliliita jeshi lao litumike pamoja na jeshi lake. Walipigana Bataan mpaka chakula na dawa vikawaishia. Aprili 1942 walishindwa, wakaendeshwa kwa miguu na Wajapani juani, na maelfu yao walikufa njiani.

Vita vilipokwisha, nini kilifuata? Februari 1946 Baraza la Washington lilipitisha sheria iliyosema kwamba utumishi wa Wafilipino hao usihesabiwe kuwa utumishi katika jeshi la Marekani kwa haki nyingi za askari. Waliolemaa, na wajane wa waliokufa, walibakiziwa malipo. Lakini penye dola moja walilipwa peso moja, na peso wakati ule ilikuwa na thamani ya nusu dola. Asante ya punda ni mateke!

Ni kweli kwamba Marekani ilitoa fedha za kujenga hospitali ya askari karibu na Manila, iliyofunguliwa mwaka 1955. Hilo lilikuwa jema, tusilifiche. Lakini haki yenyewe ilichelewa sana. Mwaka 2003 ilitoka sheria ya kuwatibu askari hao wa Kifilipino katika hospitali za Marekani sawasawa na wenzao, lakini ni wale tu waliokaa Marekani kwa ruhusa. Mwaka 2009 waliosalia walikubaliwa malipo ya mara moja: dola 15,000 kwa aliye raia wa Marekani, dola 9,000 kwa asiye raia. Miaka 63 ilikuwa imepita tangu ile sheria ya 1946. Wengi walikwisha kuingia kaburini.

Mlango uliofungwa

Ufilipino ilipata uhuru mwaka 1946, lakini Puerto Rico na Guam zimebaki chini ya Marekani. Huko askari aliye kazini hutunzwa kama wenzake. Shida huanza akimaliza kazi yake, labda baada ya miaka 20.

Jeshi la Marekani lina mpango wa matibabu uitwao TRICARE, nao una milango zaidi ya mmoja. Katika mlango wa Prime, mtu hupewa daktari wake wa kumwangalia, na malipo yake ni madogo. Katika mlango wa Select, mtu hujitafutia daktari, lakini hulipa sehemu kubwa zaidi. Katika majimbo, askari mstaafu aliyekaa penye Prime aliweza kuichagua. Lakini kwa miaka mingi wastaafu wa Puerto Rico, Guam na visiwa vingine walikataliwa mlango huo, kwa kuwa visiwa vyao vilihesabiwa kama nchi za ng'ambo.

Fikiri, ndugu msomaji. Mstaafu huyo akihamia Florida, mlango ulifunguka. Ni mtu yule yule, ugonjwa ule ule, miaka ile ile ya jeshi. Alibadili nyumba tu, na haki yake ikabadilika. Na yule wa Samoa? Kisiwani kwake hakuna hospitali ya jeshi. Ugonjwa ukizidi, hupanda ndege kwenda Honolulu, safari ya saa tano hivi juu ya bahari.

Sadaka au mshahara?

Wako wanaojibu hivi: «Watu wa visiwa kwa kawaida hawalipi ile kodi ya mapato ya Washington. Basi wasidai yote.» Mwaka 2022 mahakama kuu ilitumia neno hilo la kodi. Majaji wanane kati ya tisa walisema kwamba Baraza halilazimiki kuwapa watu wa Puerto Rico msaada fulani wanaopewa wazee na walemavu maskini katika majimbo.

Lakini kesi hiyo ilihusu msaada kwa maskini. Matibabu ya askari ni jambo jingine. Si sadaka, ni sehemu ya mshahara wake. Alikwisha kuyalipia kwa miaka ya ujana wake, na pengine kwa mguu au jicho. Mtume Yakobo aliwakaripia matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wa mashamba yao. Hakuuliza wavunaji hao walilala kijiji gani.

Wengine husema visiwa viko mbali, na kazi ya kupeleka madaktari ina gharama. Ni kweli, gharama ipo. Lakini siku ya kuwaita vijana vitani umbali haukuwa kizuizi. Meli zilipata njia ya kwenda kuwachukua.

Serikali yo yote inayomwita kijana apigane hufanya naye agano. Kijana hutoa mwili wake, na serikali huahidi kuutunza mwili huo ukirudi umevunjika. Agano hilo halina mpaka wa bahari. Wazee wetu walisema: dawa ya deni ni kulipa. Nalo deni la askari mgonjwa halingoji, kwa maana mwenye kudai anazeeka.