Nani Aliyemgeuza Shaaban? Historia Fupi ya Orodha za Vitabu vya Kiswahili

Wahakiki wetu wamezoea kuanza na fani na maudhui. Makala haya yanakusudia kurudi nyuma hatua moja, kwenye ile mistari michache inayosema kitabu ni cha nani, cha mwaka gani na kinahusu nini. Mwenye kuiandika mistari hiyo hatajwi popote, na bado sisi tunamwamini kuliko tunavyomwamini mtunzi.

Kilichonisukuma kuandika ni kazi ndogo tuliyoifanya chumbani kwetu Mchikichini. Tulikuwa na vitabu vya Kiswahili mia moja na ushei, vingi vikiwa vimenunuliwa kwa wauza vitabu chakavu wa kando ya barabara Kariakoo. Tukaamua kuvitengenezea maktaba ya kidijitali ndani ya kompyuta. Kujaza taarifa za kila kitabu kulituchosha, tukamwachia msaidizi wa akili mnemba: unamwagiza kwa maneno ya kawaida, naye anabadilisha rekodi. Alimaliza kwa dakika chache. Sasa hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Kusadikika (1951) kikawa cha "Robert, Shaaban". Mwandishi wa Kuli (1979) na Haini (2003), ambaye huandikwa mara Shafi Adam Shafi, mara Adam Shafi, akapasuliwa kuwa watu wawili. Utenzi wa Vita vya Uhuru nao ukapewa mada ya ukombozi wa Afrika.

Kuilaumu mashine ni rahisi. Lakini je, makosa haya yana umri gani?

Desturi ya kulitanguliza jina la mwisho ilitoka katika maktaba za Ulaya na Marekani, ambako jina la mwisho ni la ukoo. Kwetu jina la pili kwa kawaida ni la baba, na la tatu ni la babu. Nilipomweleza mzee mmoja muuza vitabu kwamba kwenye orodha Shaaban anatafutwa kwa herufi R, alicheka. "Sasa wewe kijana, kitabu kaandika Shaaban au kaandika baba yake?" Sikuwa na jibu, maana hata katika insha zangu za mwaka wa kwanza niliandika hivyo hivyo, na hakuna aliyenisahihisha.

Isitoshe, mfumo wa namba wa Melvil Dewey, uliotolewa Marekani mwaka 1876, umeipa fasihi ya Kiingereza 820 nzima na Kifaransa 840. Kiswahili tunakikuta 896.392, ndani ya 890, fungu la lugha nyinginezo. Shaaban, Kezilahabi na watunzi wa tenzi za kale wote wamebanana nyuma ya nukta hiyo kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Kwa upande wa miswada ya hati za Kiarabu, tatizo ni zito zaidi. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliwanakilia Wazungu tenzi nyingi, akiwemo William Hichens na, katika miaka ya 1930, Ernst Dammann. Karatasi hizo zikaishia London na Ujerumani. Sasa anayeorodhesha ataandika nini kwenye nafasi ya mtunzi? Kijumwa alikuwa mshairi pia, lakini si kila alichokinakili alikitunga. Utendi wa Mwana Kupona ni wa 1858. Hichens na Alice Werner waliutoa kitabuni mwaka 1934. Mtunzi, mnakili na mhariri ni watu watatu tofauti, na rekodi ya haraka huwameza wawili. Hapa nyumbani J.W.T. Allen alikusanya miswada na kanda, na katalogi yake ya mkusanyiko wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikachapishwa Leiden mwaka 1970. Chuo chenyewe kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, ambako mtu wa Mchikichini anafika kwa miguu akivuka Kariakoo. Kwa hiyo vitabu vyetu vipo hapahapa, ila katalogi yao ilibidi isafiri hadi Uholanzi kupigwa chapa.

Turudi kwa Shaaban, maana kwake hasara inaonekana wazi. Alifariki mwaka 1962. Kufikirika alikiandika mwaka 1946, kikachapishwa 1967. Utubora Mkulima kilitoka 1968. Anayefuata safu ya "mwaka" peke yake atamwona marehemu akiandika kwa bidii baada ya Azimio la Arusha, na akiwa mwanafunzi mwenye haraka ya mtihani atamfanya mfuasi wa Ujamaa. Ule Utenzi wa Vita vya Uhuru nao ulichapishwa 1967, lakini unahusu vita vya 1939 hata 1945, dhidi ya Hitler na wenzake. Msaidizi wetu hakuusoma. Aliona neno "uhuru", akaona 1967, akajumlisha. Nimewahi kusikia jumla hiyohiyo kwenye semina, kutoka kwa binadamu.

Baada ya hapo tulianza upya, kitabu kimoja kimoja. Tulimwagiza aandike majina kama mtunzi mwenyewe alivyoitwa, Shaaban Robert, bila mkato. Alikubali vizuri tu. Kwa Kufikirika programu ilikuwa na nafasi ya mwaka mmoja, basi 1946 tukaiweka kwenye maelezo, ambako wachache watafika.

Zilibaki riwaya pendwa za miaka ya 1970 na 1980, nyingine hazina majalada wala kurasa za mwanzo. Kwa moja msaidizi aliandika jina la mtunzi maarufu na mwaka kamili. Tulipomuuliza amejuaje, aliomba radhi akaleta jina jingine. Tumefuta yote mawili. Nafasi ya mtunzi iko tupu, na kitabu tumekibeba kurudi nacho kwa yule mzee, huenda anakikumbuka kilipokuwa na jalada.